Moshi ulikuwa umejificha wapi?
Miezi kadhaa jiko langu la peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) limekuwa likinipa nyama laini, imeiva hadi ndani, lakini moshi hausikiki kabisa. Utadhani imetoka kwenye oveni! Nikalilaumu jiko. Kumbe mkosa ni mimi.

Kwanza, nilikuwa nanunua kwa kutazama picha ya mfuko. Siku hizi nasoma maandishi madogo: mifuko mingi ya "hikori", mti wa Marekani wenye moshi mkali, ni mwaloni kwa sehemu kubwa, hikori imetiwa kidogo tu. Halafu navunja peleti moja kwa vidole. Nzima inang'aa na kukatika kwa mlio, ta! Iliyoingia unyevu inamomonyoka kama unga wa msumeno, tena hiyo huvimba na kukwamisha parafujo inayosukuma peleti motoni.

Pili, moto. Nilikuwa naanza na nyuzi 150 za Selsiasi moja kwa moja, na moto mkali huunguza peleti kabisa, moshi unabaki kiduchu. Jana bega la nguruwe nimeliweka likiwa bado baridi na bichibichi, nyuzi 95, kwa saa tatu za mwanzo. Pembeni nikalaza bomba la chuma lenye matundu, limejaa peleti za hikori, nikaliwasha upande mmoja likafuka taratibu. Moshi mwembamba wa samawati ndio unaoutaka. Ule mweupe mzito huacha uchungu ulimini (nimeshaula, sitaki tena).

Kuku bado namwachia peleti za mtufaa. Hikori kwake naona ni ubabe.

Bega limeisha lote. Nimebakiwa na mfupa na vidole vinavyonukia moshi.