Saa mbili asubuhi si 2:00

Fungua ramani ya Google, tafuta saluni au duka la vipuri, na hutakawia kuliona moja linalodai kufunguliwa 2:00 na kufungwa 1:00. Mwenye duka ameandika anachosema kila siku: tunafungua saa mbili, tunafunga saa moja. Lakini Google haianzi kuhesabu saa alfajiri kama sisi. Kwake 2:00 ni saa nane usiku, na 1:00 ni saa saba ya usiku unaofuata, kwa hiyo duka linaonekana liko wazi kwa saa 23. Mteja anaangalia simu saa tatu usiku, anaona maandishi ya kijani kwamba pamefunguliwa, anapanda bodaboda, anakuta geti lina kufuli. Nyota moja anaibonyeza akiwa bado amesimama pale nje.

Saa mbili asubuhi iandikwe 8:00. Saa moja usiku iandikwe 19:00, au 7:00 PM kama simu yako inatumia AM na PM. Ukifunga Ijumaa kwa ajili ya sala, siku hiyo iwekee vipande viwili, kwa mfano 8:00 hadi 12:15, halafu 14:00 hadi 19:00. Nafasi ya kuongeza kipande cha pili ipo palepale unapojaza saa.

Lengo hapa ni kulinda jina la biashara yako mtandaoni. Naanza na saa kwa sababu watu wengi wakisikia hivyo huwaza kujibizana na wakosoaji. Soma maoni ya nyota moja ya maduka madogo na utakutana tena na tena na malalamiko yaleyale: nimefika wamefunga, namba haipatikani, ramani imenipeleka mtaa mwingine. Hapo fundi hajakosea na mpishi hajaunguza kitu. Taarifa ndizo zimekosea, na taarifa hurekebishwa kwa dakika kumi.

Ukurasa unaotokea ukitafuta jina la duka kwenye Google unaitwa Wasifu wa Biashara (Google Business Profile). Jina hilo lilianza kutumika 2021. Kabla ya hapo uliitwa Google My Business, na programu yake ya simu iliondolewa 2022. Siku hizi unausimamia ndani ya Google yenyewe: ingia kwa akaunti ya biashara, andika jina la duka, na vitufe vya kuhariri vitatokea. Hakuna ada. Anayekupigia akisema anatoka Google na kwamba ulipie ili duka lisifutwe kwenye ramani, mkatie simu.

Kabla ya kugusa kingine chochote, jiulize akaunti hiyo ni ya nani. Mara nyingi kijana wa stationery au binamu alisaidia kufungua kwa barua pepe yake, kisha akahamia Mwanza au akasahau nywila. Sasa maoni yanaingia na hakuna wa kuyajibu. Fungua barua pepe ya biashara yenyewe, iwe mmiliki mkuu, na wasaidizi wapewe nafasi ya meneja tu, ambayo unaweza kuiondoa siku yoyote. Kama wasifu umeshikwa na mtu usiyempata, utafute kwenye ramani, bonyeza sehemu ya kudai umiliki, utume ombi. Aliyeushika hupewa siku 3 kujibu. Akikaa kimya, unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe. Usikimbilie kufungua wasifu wa pili. Duka moja likiwa na pini mbili kwenye ramani, maoni hugawanyika, na mteja huchagua ile yenye namba ya zamani.

Uthibitisho kwamba biashara ni yako sasa mara nyingi hufanywa kwa video. Hurekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu wakati wa hatua hiyo, bila kukatwa, isipungue sekunde 30. Anza barabarani: onyesha jina la mtaa au vibao vya majirani, sogea hadi kwenye kibao chako, kisha fungua mlango kwa ufunguo au ingia nyuma ya kaunta, onyesha mashine, rafu au viti vya kazi, umalizie na leseni ya biashara iliyo ukutani. Wanataka kuona mambo matatu: mahali, biashara, na kwamba wewe ndiye unayeiendesha. Video nyingi hukwama kwenye hilo la tatu, maana hata mteja anaweza kurekodi kibao na rafu, ila hawezi kufungua droo ya pesa. Nyuso za wateja na namba za benki zisionekane. Hakikisha bando linatosha na mtandao uko imara kabla ya kubonyeza, maana video ikikatika njiani unaanza upya.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao. "Neema Saluni" ibaki Neema Saluni. Ukiandika "Neema Saluni Bora Bei Nafuu Sinza Kusuka Rasta" unakiuka masharti, na jirani mwenye wivu anaweza kukuripoti hadi wasifu ukasimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake: kwenye orodha ya huduma, na kwenye maelezo, ambayo yana nafasi ya herufi 750. Aina ya biashara ndiyo yenye uzito zaidi ya watu wanavyodhani. Unaruhusiwa aina kuu moja na nyingine hadi tisa. Ile kuu iwe finyu: anayeuza vipuri asichague "duka" tu. Google hupanga matokeo kwa mambo matatu, yaani jinsi unavyolingana na kilichotafutwa, umbali wako kutoka kwa anayetafuta, na unavyojulikana. Umbali huna la kuufanya. Hayo mengine mawili yako mikononi mwako.

Pini ni shida ya pekee huku kwetu Tanzania. Vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba vimeongezeka sana tangu kazi ya anwani za makazi ya 2022, kwa hiyo ziandike ulivyopewa. Lakini usiiachie ramani ikuwekee pini kwa kukisia kutoka kwenye anwani. Ikuze picha ya satelaiti hadi uone paa lako, vuta pini hadi mlangoni, siyo katikati ya paa. Kwenye majengo ya Kariakoo, mlango wa upande wa pili wa jengo ni mtaa mwingine kabisa. Ukigusa pini utaona pia Plus Code, herufi na tarakimu chache zenye alama ya kujumlisha katikati. Mtumie mwenye bodaboda msimbo huo. Akiuandika kwenye ramani pamoja na jina la mji, unamfikisha hata pasipo na jina la mtaa. Kama wewe ni fundi friji unayewafuata wateja majumbani, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia, hadi 20. Hakuna haja ya wageni kujua unapolala.

Namba ya simu iwe laini ya biashara inayobaki hewani, siyo ya mfanyakazi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepokea wateja wako. Kiungo cha WhatsApp hukosewa sana: ni wa.me/ ikifuatiwa na 255 na tarakimu tisa, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika wa.me/07 na kuendelea, kiungo hakimfikishi mteja kwako. Kwenye WhatsApp Business, ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast list) hupokewa na watu hadi 256, na kati yao humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana unatuma kwa watu 200 wanajibu watatu. Mwombe mteja aihifadhi akiwa bado yuko kaunta, na umwombe ruhusa ya kumtumia ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kutumika, na namba ya mteja ni taarifa yake binafsi.

Sasa maoni. Chukua saluni yenye maoni sita, matano ya nyota tano na moja la nyota moja. Jumla ni 26, gawanya kwa sita, unapata 4.3. Ile yenye maoni 41, moja tu la nyota moja na mengine yote ya nyota tano, inasimama 4.9. Ukali wa mteja ni uleule. Kilichotofautiana ni idadi. Ili ile ya kwanza ifike 4.75 inahitaji maoni mengine kumi ya nyota tano. Kwa kasi ya mteja mmoja kwa wiki, hiyo ni miezi miwili na nusu. Hesabu hii ndiyo sababu ya kuomba maoni mapema, kabla ya siku mbaya kufika.

Kwenye wasifu wako kuna kitufe cha kuomba maoni; kinakupa kiungo kifupi na msimbo wa QR. Uchapishe, uubandike pale mteja anaposubiri chenji. Kiungo kitume WhatsApp siku ileile ya huduma: "Dada Rehema, asante kwa kuja leo. Ukipata nafasi tuandikie ulivyoona huduma yetu hapa." Inatosha. Usimwambie aandike nini, usimpe punguzo kwa ajili ya nyota, na usiwaombe waliofurahi peke yao huku waliokasirika ukiwaelekeza kwenye fomu ya pembeni. Yote hayo yamekatazwa. Maoni ya shemeji na wafanyakazi, yakiingia kumi kwa siku moja, yanaweza kufutwa, na ya wateja wa kweli yakaondoka nayo.

Mtu akikulaumu, jibu ndani ya siku moja au mbili, lakini usijibu ukiwa na hasira. Jibu la aina ya "wewe umetumwa na jirani" husomwa na kila atakayefungua wasifu wako mwaka mzima. Afadhali hivi: "Habari. Pole sana kwa kufika Jumapili jioni na kukuta tumefunga. Saa zilizokuwa kwenye ramani zilikosewa, tumezirekebisha leo. Jumapili tunafunga saa nane mchana. Tafadhali tupigie kwa namba iliyo hapa, uliza msimamizi." Kosa limetajwa, marekebisho yametajwa, na njia ya kuzungumza imetolewa. Aliyeandika hupata taarifa kwamba umemjibu na anaweza kubadilisha nyota zake, ingawa kumdai azibadilishe ni kumchokoza tena. Kwenye duka la dawa au zahanati, usithibitishe hadharani hata kwamba mtu huyo alihudumiwa, sembuse kutaja alichotibiwa.

Maoni ya uongo hayafutwi kwa sababu yanakuuma, na Google haiamui nani anasema kweli kati yako na mteja. Yanafutwa yakivunja masharti: matusi, chuki, mshindani kujifanya mteja, mambo yasiyohusu biashara. Piga picha ya skrini kwanza, kisha ripoti na uchague kifungu kinachofaa hasa. Ombi likikataliwa, unaweza kukata rufaa. Wakati unasubiri, jibu kwa utulivu kwamba hamkuiona kumbukumbu ya huduma hiyo na mngependa kupata tarehe. Anayetaka pesa ili afute maoni asilipwe. Hifadhi meseji zake.

Kuna hatari ambayo kwangu ni kubwa kuliko nyota zote: akaunti bandia ya Instagram au Facebook yenye picha zako, jina lako limeongezwa nukta au herufi moja, inayowaambia watu "tuma kwanza, mzigo utafuata". Anayelizwa anakuja kulia kwako. Andika kwenye wasifu, kwenye Instagram na kwenye ukuta wa duka kwamba malipo ni kwa Lipa Namba tu, na utaje jina linalotokea kabla ya mteja kuingiza namba ya siri. Jina likiwa tofauti, mteja asilipe. Picha za bidhaa zipigwe zikiwa na kitu cha duka lako nyuma yake, kaunta au kibao, ili mwizi apate taabu kuzikata. Ukiiona akaunti hiyo, iripoti kama inayojifanya biashara yako, na uwaombe wateja kadhaa wairipoti pia.

Kufuatilia yote haya ni nusu saa kila Jumatatu, kabla wateja hawajajaa. Tafuta jina lako kwenye Google bila kuingia kwenye akaunti, kisha Instagram, Facebook, TikTok na JamiiForums, ukijaribu na makosa ya tahajia yanayozoeleka. Google Alerts ni bure. Weka jina kwenye alama za kunukuu pamoja na jina la mji, na itakutumia barua pepe jina likitajwa kwenye tovuti, ila usiitegemee kwa Instagram, wala haioni vikundi vya WhatsApp. Halafu angalia wasifu kama kuna mabadiliko ambayo hukuyafanya. Mtu yeyote anaweza kupendekeza namba nyingine, saa nyingine, au kwamba umefunga kabisa, na baadhi ya mapendekezo hupita bila kukusubiri. Mwombe mtu aliye mbali, mfano wewe uko Mwenge yeye yuko Temeke, atafute huduma yako bila kutaja jina akutumie picha ya skrini. Wewe ukitafuta ukiwa dukani utajiona wa kwanza kila siku.

Kulipia matangazo kungoje hadi haya yakae sawa. Shilingi inayomleta mteja kwenye mlango uliofungwa imepotea mara mbili.

Siku za sikukuu usiguse saa za kawaida. Tumia saa maalumu za tarehe husika. Za sikukuu zenye tarehe zisizobadilika kama Mapinduzi, Muungano, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere na Uhuru zijaze zote Januari kwa mkupuo mmoja. Idi hutegemea mwezi, kwa hiyo jaza siku zote mbili zinazowezekana, na usiku mwezi ukishatangazwa ingia ufute ile isiyohusika.