Kufunga kiti cha gari la mashindano: kazi iko kwenye brakiti

Anza na lebo ya kiti. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 cha FIA, shirikisho la kimataifa la magari, huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 5 tangu kitengenezwe. Cha mtumba kinaweza kung'aa na bado kikakataliwa na wakaguzi.

Kama gari lina eabegi, chomoa betri na usubiri dakika 10 kabla ya kugusa soketi ya njano chini ya kiti cha zamani.

Kanuni za FIA zinataka angalau pointi 4 za kufungia, boliti za milimita 8, na brakiti (vishikizo vinavyounga kiti na sakafu) za chuma cha milimita 3 au za aloi nyepesi za milimita 5. Ukitoboa sakafu upya, weka bamba la chuma upande wa chini. Washa, ile pete bapa ya boliti, ikiwa peke yake hupenya bati kama kidole kwenye ugali.

Makosa mengi hutokea pembeni mwa kiti. Brakiti zikipishana upana na kiti, watu huzivuta kwa boliti mpaka zikutane. Ganda la faiba halipindi, hupasuka kuanzia kwenye tundu. Jaza pengo kwa washa. Boliti ikiwa ndefu mno itagonga ganda kwa ndani; ikiwa fupi, itashika nyuzi chache tu za skrubu.

Usikaze mwisho kabla ya kukaa na helmeti. Klachi ikikanyagwa mpaka chini, goti libaki limekunjika kidogo; mabega yakigusa kiti na mikono ikishika usukani, viwiko vya mikono navyo vikunjike. Mikanda ya mabega isishuke nyuma zaidi ya nyuzi 45 kutoka mlalo.