Siku Moja Maishani Mwangu: Kuzamisha Vito Vitatu Kwenye Pete

Saa 2:00 asubuhi

Kazi ya leo ni pete moja ya fedha 925 (asilimia 92.5 fedha halisi), upana milimita 5, unene milimita 2, na yakuti samawi tatu za mviringo. Vito vinazamishwa: havishikwi kwa vikucha vya chuma wala havijengewi ukuta wa kuvizunguka. Vinakaa ndani ya fedha yenyewe mpaka uso wao ulingane na uso wa pete, kidole kikipita juu kisikwame.

Naanza na kalipa ya dijiti, kipimio cha upana. Kila kito kinapimwa pande mbili, maana kito kinachouzwa kama cha milimita 2 mara nyingi si 2 kamili. Hivi vya leo ni 1.98, 2.00 na 2.04. Kila kimoja kinaingia kwenye kikaratasi chake chenye namba, na kitachimbiwa tundu lake. Ukitoboa matundu matatu sawasawa halafu uanze kujaribisha, kimoja kitacheza na kingine kitakataa kuingia.

Unene nao unaangaliwa. Kito cha milimita 2 kina kimo cha 1.2 hadi 1.3, kwa hiyo pete hii inatosha. Ingekuwa nyembamba zaidi, ncha ya chini ingemchoma mvaaji.

Saa 3:00

Moto na msasa vinamalizwa sasa. Saizi ya pete, maungio, halafu msasa wa 400, 600 na 1200. Pete ikipanuliwa baada ya vito kukaa, mkunjo wake hubadilika na vito hulegea. Na msasa mweusi wa silikoni kabidi unaikwaruza hata yakuti, ngumu ilivyo.

Saa 4:00

Kwa bikari naweka alama tatu, milimita 3 kutoka katikati hadi katikati, ili kati ya kito na kito ibaki milimita 1 ya fedha. Nagonga kinukta kidogo kwenye kila alama ili biti isiteleze, kisha natoboa kwa biti ya milimita 1 hadi upande wa pili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Pete ni duara, na kila tundu lazima lielekee katikati ya duara hilo. Kwenye pete ya saizi hii, kusogea milimita 3 ni kama digrii 16. Ukitoboa matundu ya pembeni sambamba na lile la kati, vito vya pembeni vitalala upande, na hakuna usukumaji utakaovinyoosha. Kwa hiyo nafungua kibanio, nazungusha pete, nabana tena.

Saa 5:00 hadi saa 8:00 mchana

Saa tatu kwa matundu matatu. Kinachokishika kito ni kiti chake. Kusukuma fedha baadaye ni kufunga mlango tu.

Napanua kwa biti ya kichwa mviringo ya 1.5 mpaka nusu ya kina, halafu biti ya kuchonga kiti ya 1.9. Mota inazunguka polepole na biti inachovywa nta ya nyuki kila mara. Biti kavu hujaa fedha, ikaanza kusugua badala ya kukata; tundu hupata moto na huwa na umbo la yai.

Kwa kito cha 2.00 namalizia na biti ya 2.0, mguso mmoja mfupi. Mkono hutikisika kidogo, na mtikisiko huo tayari ni sehemu ya mia kadhaa za milimita.

Kina ndicho kinachoamua yote. Kiuno cha kito, yaani pale kilipo kipana kuliko kwingine, kinatakiwa kiwe milimita 0.3 hivi chini ya uso wa pete. Kikiwa juu zaidi, hakuna fedha ya kukifunika. Kikizama mno, kito kinaonekana kama kimetumbukia kisimani. Nachonga kidogo, nakinyanyua kito kwa nta, nakijaribu, natazama kwa ubavu na lenzi ya mara 10. Halafu tena, mara nne au tano kwa kila tundu.

Mviringo wa pete nao unakula fedha. Kwa kito cha milimita 2, pande mbili zinazofuata mzunguko ziko chini kwa 0.05 tu. Kwa kito cha milimita 4 inafika karibu 0.2, sehemu kubwa ya ule ukingo wa 0.3 wa kukifunika kito. Vito vikubwa nasawazishia mahali kwanza.

Tundu la pili limenitoka kubwa. Kito cha 2.00 kinaingia bila kusukumwa na kinazunguka kikiguswa. Sikifungi hivyo. Nalipanua kidogo na kutia kito cha 2.10.

Saa 9:00 alasiri

Kichuma cha kusukumia nimekitengeneza kwa biti iliyochakaa: imechongwa ikawa nyembamba, ncha imeviringwa, imeng'arishwa kama kioo. Mkwaruzo wowote kwenye ncha utajichora kwenye fedha. Ncha kali huteleza na kumega kito.

Kabla ya kuweka kito nafagia kiti kwa brashi. Kiunyoya kimoja cha fedha kikibaki chini, kito kinainama, na hutakiona mpaka ukingo umeshafungwa. Nakikandamiza kwa kijiti cha shaba mpaka kikae.

Naanza kaskazini, kisha kusini, mashariki, magharibi. Ukizunguka mfululizo toka mwanzo, kito kinasukumwa upande mmoja. Kichuma kimelala digrii 45 hivi, kinabana ukuta wa tundu na kuishusha fedha juu ya kiuno. Baadaye nakisimamisha na kusugua ukuta wa ndani mpaka pete nyembamba ya mwanga ionekane kukizunguka kito.

Saa 11:00 jioni

Maji ya moto na sabuni kwanza, ukaguzi baadaye, kwa sababu nta iliyobaki ndani hukishika hata kito kilicholegea. Kisha sindano ya shaba kupitia tundu la chini, nasukuma kidogo. Cha kwanza kimetulia. Cha tatu kimetulia. Cha pili kimetoa mlio mdogo upande wa mashariki. Nimerudi na kichuma mara mbili pale, nimeosha, nimesukuma tena. Kimya.