Miezi tisa, si kumi na minne

Jumanne, 6 Agosti 2024

Leo nimelipa awamu ya kwanza ya deni la pensheni ya Baba, shilingi 117,150. Nataka niandike yote tangu mwanzo kabla sijasahau, maana wiki hizi saba nimekuwa nikiongea na watu kwa vipande vipande na hakuna aliyesikia habari nzima.

Barua ililetwa Alhamisi baada ya Idi el-Haj. Aliileta kijana wa ofisi ya serikali ya mtaa, ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Mimi nilikuwa zamu ya jioni kwenye duka la dawa pale Tandika, kwa hiyo Mama aliifungua peke yake na kuisoma peke yake. Niliporudi saa tatu usiku nilimkuta amekaa sebuleni gizani. Nikajua Luku imeisha. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka.

"Baba yenu anadaiwa," akasema.

Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa kwa jina langu kama msimamizi wa mirathi, na jina la Baba limetangulizwa neno Marehemu. Yah: marejesho ya pensheni iliyolipwa zaidi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Imebainika kwamba pensheni ya marehemu iliendelea kulipwa kwa miezi 14 baada ya kifo chake, jumla ya shilingi 4,373,600. Unatakiwa kurejesha fedha hizo ndani ya siku 30, vinginevyo hatua za kisheria zitachukuliwa. Nakutakia utekelezaji mwema.

Mstari huo wa mwisho nimeusoma mara nyingi kuliko mingine yote.

Ili mtu aelewe kwa nini Mama alikaa gizani, lazima amjue Baba. Alikuwa mtunza bohari wa serikali kwa miaka 31. Kazi yake ilikuwa leja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nyumbani alikuwa vilevile. Duka la Mangi pale kona lina daftari la madeni lililotuna kwa kushikwashikwa, na nyumba karibu zote za mtaa wetu zimo humo. Yetu haijawahi kuandikwa. Mwisho wa mwezi mbaya tulikunywa uji asubuhi na jioni, na Baba akatuambia njaa ya siku mbili inaisha, ila jina likishaandikwa limeandikwa. Sasa jina lake lilikuwa kwenye barua ya deni, mwaka mmoja na miezi minne tangu tumzike.

Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023. Mwishoni mwa mwezi wa tatu simu yake, ambayo Mama alikuwa anaichaji kila siku bila sababu yoyote, ikalia. Ulikuwa ujumbe wa benki: imeingia shilingi 312,400. Mama alilia kama ndiyo kwanza anapewa taarifa ya msiba. Kisha akaenda kutoa. Kadi alikuwa nayo, na namba ya siri aliijua tangu miguu ya Baba ilipoanza kuvimba, akawa ndiye anayetumwa benki.

Hapo ndipo tulipokosea, na sitaki kulizunguka. Mstaafu akifariki, pensheni yake ya mwezi inatakiwa kusimama. Warithi wana mafao yao, sheria inayatambua, lakini yanapitia njia nyingine: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo na muhtasari wake, mahakama, msimamizi wa mirathi, fomu juu ya fomu. Sisi tulikuwa bado tuna matanga, tukangoja arobaini, tukangoja cheti. Ofisi ya pensheni nilikwenda tarehe 4 Mei 2023, nikiwa na barua ya kueleza kwamba Baba hayupo na nakala ya cheti cha kifo. Dada wa mapokezi alizipokea, akaniambia watalifanyia kazi.

Pesa ikaendelea kuingia. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Mama akasema hiyo sasa ni haki ya mjane, maana taarifa si wanayo? Na mimi nikakubali. Kwamba kiasi kilikuwa kilekile bila kupungua hata senti, hilo lilitakiwa kunishtua. Kulikuwa na dawa za presha za Mama na ada ya mdogo wangu chuo cha ufundi, na kwa kweli sikutaka kushtuka.

Baba mdogo alikuja kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, akaisoma barua akiwa amesimama. Msimamo wake ulikuwa mwepesi: nyamazeni. Serikali haimdai maiti, na nyie hamna cha kukamatwa. Mama alikuwa upande wa pili kabisa. Alitaka tuuze kiwanja cha Chanika, kile alichokiacha Baba kikiwa na msingi tu, tulipe zote milioni nne na laki tatu, jina lisafike. Marehemu hulala vibaya akidaiwa, akasema. Nilimwambia deni hili si la Baba, pesa iliingia yeye akiwa ameshazikwa, tuliotoa ni sisi. Akaniangalia kama nimemtukana.

Kilichoniumiza usiku ule hakikuwa baba mdogo. Kilikuwa hiki cha Mama, kwamba alikuwa tayari kuuza kiwanja bila kuuliza hesabu imetoka wapi. Barua ilikuwa na muhuri na saini, basi kwake imekwisha. Na nadhani ndivyo tulivyo wengi. Nchi nzima imebishana kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu, tangu 2018, vijiweni watu wana asilimia zote kichwani, 25, 33, 40. Lakini barua ya kudaiwa ikimfikia mtu nyumbani kwake, anaona aibu, anaificha chini ya godoro.

Sikulala. Nilishika simu nikawa nasoma kuhusu watu wengine waliodaiwa na serikali zao. Huko Australia kulikuwa na mpango waliouita Robodebt. Kompyuta ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ikayagawa sawasawa kwa kila wiki mbili, halafu ikamwambia: wiki hizi ulikuwa na kipato, msaada uliopokea urudishe. Mtu aliyefanya kazi miezi minne tu akahesabiwa kana kwamba alifanya kazi mwaka mzima. Mwaka 2019 mahakama ikasema njia hiyo haina nguvu ya kisheria, na serikali ikaishia kurudisha mamia ya mamilioni ya dola. Uholanzi wazazi maelfu waliambiwa warudishe posho za malezi ya watoto, wengine makumi elfu ya euro, wakiitwa matapeli na wengi wao hawakuwa na kosa. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili hiyo. Nilibaki na jambo moja kichwani: kule Australia hakuna aliyeangalia kilichotokea kila mwezi. Walikadiria tu.

Alfajiri nikalivuta faili la kijani la Baba chini ya kitanda.

Baba alikuwa na sheria moja tuliyoichukia tukiwa wadogo. Karatasi haiendi ofisi yoyote bila kubaki na nakala yake iliyopigwa muhuri. Hata barua ya kuomba ruhusa shuleni. Ile ya tarehe 4 Mei niliipeleka nakala mbili kwa mazoea tu, na ya pili ilikuwa humo, juu kabisa. Wino wa muhuri ulikuwa wa zambarau, umelala kidogo upande wa kushoto, neno IMEPOKELEWA halijashika vizuri herufi mbili za mwisho. Tarehe ilikuwa imeshika yote. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeiweka mapajani.

Jumatatu nikaenda benki kuomba taarifa ya akaunti. Zilikuja kurasa sita. Nikakaa kwenye benchi nje na kalamu nyekundu, nikaweka alama kila palipoandikwa 312,400 kuanzia Machi 2023. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilirudia mara tatu. Miezi tisa. Ndipo nikakumbuka: Novemba niliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi pale Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, Temeke, na mwanzoni mwa Desemba nikaipeleka hati benki, akaunti ya Baba ikafungwa. Mitano iliyobaki hatukuipokea. Ilitumwa kwenye akaunti ambayo haipo, ikarudi ilikotoka. Walihesabu tangu kifo mpaka siku walipogundua Aprili mwaka huu, wakazidisha.

Ofisini nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mhusika alikuwa semina. Ya pili mtandao ulikuwa chini. Nilikatwa siku mbili za mshahara na kila safari nilirudi na daladala ya Posta nimesimama. Mara ya tatu nilimpata kaka mmoja mdogo, mpole kwa kweli, akafungua kompyuta.

"Dada, mfumo unasoma kumi na nne."

"Naomba na hii uisome, kaka."

Nikamwekea kurasa sita mezani. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena. Akanyanyuka na karatasi zangu akaingia chumba cha ndani, na nilipata hofu ya ajabu kwamba hazitarudi, mpaka nikakumbuka nakala nilikuwa nazo kwenye pochi. Alirudi baada ya nusu saa akasema ni kweli, fedha za miezi mitano zilirudi ila hazikuwa zimeoanishwa. Niandike barua ya pingamizi, niambatanishe. Nikaiandika palepale. Nikaomba muhuri kwenye nakala.

Barua mpya ilitoka wiki tatu baadaye: shilingi 2,811,600, kwa awamu 24. Hakuna neno samahani ndani yake. Nililitafuta.

Mimi nilitaka tuendelee. Miezi miwili ya kwanza ni kosa letu, hatukuwa tumetoa taarifa. Lakini saba iliyofuata taarifa walikuwa nayo, muhuri ni wao. Nilishaanza kuandika barua ya pili ya kuomba hiyo saba ifikiriwe, nikamsomea Mama jikoni akiwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ile pesa tulikula?"

"Tulikula, Mama."

"Ilikuwa yetu?"

Sikumjibu. Akasema milioni moja na nusu hakuila, na kwa hiyo ananishukuru kwa kuihangaikia, ila hii nyingine aliitoa kwa mkono wake kwenye mashine na anakumbuka alinunua nini. Mimi bado naona ofisi ilikuwa na sehemu yake ya kubeba. Mtu akikuletea taarifa, ukaipiga muhuri, ukaendelea kutuma, kisha unamtishia mjane na sheria, kuna kitu hakiko sawa hapo, na nitalisema hata kama sitalipeleka mbele. Barua ile ya pili ipo, imekunjwa kwenye faili. Sijaichana.

Leo asubuhi nikapewa kontroo namba kwa ujumbe wa simu. Nililipa kwa M-Pesa nikiwa nyuma ya kaunta dukani, kati ya mteja wa panadol na mteja wa dawa ya minyoo. Jioni nikapita kwa Mangi kuchapisha risiti, ana printa sasa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma jina la Baba herufi kwa herufi, akasoma kiasi, akasoma tarehe. Halafu akauliza nakala yake iko wapi.