Jinsi nilivyobadilisha zulia la MGB ya mwaka 1970

Uvundo uliokuwamo ndani ya gari langu, MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, haukutokana na zulia lenyewe, bali na sponji iliyolazwa chini yake, ambayo ilifyonza maji ya mvua yaliyopenya kwenye mpira wa mlango uliokakamaa. Nilibadilisha mpira huo kwanza, kwani kutandika zulia jipya juu ya sakafu inayolowa ni hasara tupu. Kisha niling'oa viti pamoja na vipande vya mbao vilivyo chini ya reli zake, nikasugua kutu kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuizuia.

Zulia kuukuu sikulitupa, maana ndilo lililokuwa kipimo cha kukatia jipya. Kazi kubwa ilikuwa kwenye mgongo wa katikati unaofunika giaboksi, ambapo zulia hupenda kukunjamana. Hapo nililainisha kitambaa kwa mvuke wa pasi, nikakivuta kidogo kidogo kuelekea pembeni, nikakibandika kwa gundi ya fundi viatu, iliyopakwa pande zote mbili na kuachwa hadi isinate kidoleni. Sakafuni sikutumia gundi kabisa: vifungo vya kubana vinatosha, na zulia huweza kutolewa likaanikwa. Matundu ya boliti niliyatoboa kwa msumari wa moto, kwa kuwa keekee hunasa nyuzi na kuzifumua.