Camargue kwa gari la kulala: kwanza upepo, kisha darubini

Anayetazama ndege Mida Creek au kwenye fukwe za Unguja hapangi siku yake kwa saa ya ukutani. Huuliza maji: ni bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa. Camargue, kusini mwa Ufaransa, swali hilo halina kazi. Pale Rhône inapogawanyika mikono miwili juu kidogo ya Arles na kumwaga maji yake katika Mediterania, bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Kinachosogeza maji, na ndege pamoja nayo, ni upepo wa kaskazini-magharibi uitwao mistral. Si kama kaskazi yetu inayovuma kwa miezi kwa adabu. Huu hushuka ghafla kwenye bonde la Rhône, mara nyingine kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na wenyeji husema hukaa siku tatu, sita au tisa. Kila jioni tulisoma utabiri wa Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kabla ya kuamua asubuhi tuelekee wapi.

Tulikwenda wiki ya pili ya Mei. Kwa wakati huo keremkerem wameshafika kutoka Afrika, heroe wanaatamia, na joto la kiangazi halijakausha mabwawa ya pembeni. Gari tulilichukua karibu na Marseille: urefu mita 6, kimo mita 2.75, uzito wa juu kabisa tani 3.5. Namba hizo tatu ziandike kwenye karatasi uzibandike mbele ya dereva. Tani 3.5 ndiyo mwisho wa leseni ya kawaida ya gari dogo. Kimo cha kati ya mita 2 na 3 kinakuweka daraja la 2 kwenye barabara za kulipia, na mashine ikikusoma vibaya, bonyeza kitufe cha msaada kabla ya kulipa. Kimo hichohicho ndicho kitakachovunja paa lako kwenye maegesho ya ufukweni na ya maduka makubwa, ambako huwekwa upau wa chuma kwenye mita 1.90 au 2. Kituo cha mafuta, dizeli imeandikwa Gazole au B7. Nje ya miji spidi ni 80 pasipo na alama nyingine, na kwenye njia panda isiyo na alama anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitokea kichochoroni.

Kutoka Arles, barabara ya D570 inashuka kilomita 38 hivi hadi Saintes-Maries-de-la-Mer. Kilomita 4 kabla ya mji iko hifadhi ya ndege ya Pont de Gau, yenye eneo la hekta 60 na njia za miguu za kilomita 7 hivi. Ina kiingilio, na wapo wanaoidharau wakidhani ni bustani ya wanyama. Wanakosea, maana ndege wale ni huru, ila wamezoea watu waendao polepole njiani. Siku ya kwanza upepo ulikuwa umelala, tukaitumia yote hapo.

Heroe, wale wengi wetu tunaowaita flamingo, walikuwa mita kumi na tano kutoka njiani, na kwa umbali huo unaona jinsi wanavyokula. Ndege husimama mahali pamoja, hukanyagakanyaga tope kwa miguu yote miwili huku akijizungusha taratibu, kichwa kimegeuzwa chini juu. Ulimi hufanya kazi ya pampu, ukivuta na kusukuma maji mara kadhaa kwa sekunde, na kingo za mdomo zenye vichujio hubakiza vijidudu. Akiondoka, chini ya maji hubaki duara la tope kama alama ya sufuria. Rangi yake inatokana na chakula, hasa kijidudu cha maji ya chumvi kiitwacho Artemia. Makinda huanza maisha na manyoya ya kijivu. Hawa ni heroe wakubwa, si wale wadogo wanaozaliana kwa wingi Ziwa Natron. Ufaransa nzima huzaliana hapa Camargue tu, na kwa miaka mingi kituo chao kilikuwa kisiwa kilichojengwa kwa mikono katika bwawa la Fangassier mwaka 1970. Walikikalia mwaka 1974.

Wengi wana pete ya plastiki yenye herufi na namba, juu ya kiungo cha mguu kinachoonekana kama goti. Kuvisha pete kulianza mwaka 1977 na watafiti wa Tour du Valat, kituo kilichoanzishwa na Luc Hoffmann mwaka 1954. Ukisoma pete, andika rangi yake, mguu wa kulia au wa kushoto, na maandishi yote. Kazi hii ifanye siku tulivu tu. Darubini ya miguu mitatu ikikuzwa mara 60 hutetemeka kwa upepo mdogo sana, na 3 na 8 hufanana mara moja. Ukilazimika, fupisha miguu yake, kaa chini, ning'iniza mkoba katikati yake kama uzito, na usizidi mara 30. Darubini ya mkononi ya 8x42 inatosha kwa mengine yote.

Siku tulivu ina gharama yake, nayo ni mbu. Hakuna malaria, lakini virusi vya West Nile vipo katika eneo hili, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kupaka si anasa. Wavu wa mlango wa gari uvutwe kabla ya taa kuwashwa. Ukitanguliza taa, utalala na kundi zima.

Mambo ya kulala yana sheria. Ufaransa hutenganisha kuegesha na kupiga kambi. Magurudumu yote chini na kila kitu ndani, umeegesha. Ukitandaza turubai la kivuli, ukatoa viti au ukapandisha gari juu ya kabari za kusawazisha, umepiga kambi, na hilo hufanywa penye ruhusa tu. Ndani ya Camargue hata kuegesha usiku kunabanwa, na ufukwe wa Piémanson, uliokuwa maarufu kwa kulala bure, siku hizi hauruhusiwi kulalwa. Tulilala kwenye maeneo rasmi ya magari haya na kambi za Saintes-Maries na Salin-de-Giraud. Kambini uliza umeme ni ampea ngapi. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Birika la umeme la wati 2,000 litakata umeme papo hapo. Chemsha chai kwa gesi.

Tangi letu lilibeba lita 100 za maji safi. Watu wawili wanaooga kwa kufunga bomba wakati wa kujipaka sabuni hutumia lita 20 hadi 25 kwa siku, yaani siku nne hadi tano. Kaseti ya choo, yaani tangi la kuchomoa la lita 18 hivi, hujaa siku ya tatu, kwa hiyo choo ndicho kinachopanga safari, si maji. Kwenye kituo cha huduma fuata mpangilio huu bila kuupindua: simamisha gari juu ya wavu wa sakafuni ufungue maji machafu ya sinki, mwaga kaseti kwenye shimo lake na uisuuze kwa bomba lililo hapo, nawa mikono kwa sabuni, mwisho kabisa jaza maji safi, kwa mpira wako mwenyewe, baada ya kuacha maji yatiririke nusu dakika. Bomba lililoandikwa “eau potable” ni la kunywa. “Non potable” ni la kaseti. Wapo wanaoingiza mdomo wa bomba safi ndani ya kaseti ili kuisuuza haraka. Ndiyo sababu mpira uliofungwa pale kituoni usiuguse, na bomba lenyewe ulifute kabla ya kuunga wako.

Usiku wa pili mistral ikaanza. Gari la kimo cha karibu mita tatu hugeuka tanga. Tuliligeuza pua ikatazama upepo, tukafunga vifuniko vya paa, turubai likabaki kwenye ala yake. Kilichotupa kazi ni friji. Friji za aina hii hutumia betri gari likitembea, umeme wa kambini, au gesi, na ikiwa kwenye gesi kuna mwali mdogo nyuma yake, unaopumua kupitia matundu ya ubavuni. Upepo ukiingia kwenye matundu hayo mwali huzimika, friji hujaribu kuwasha tena na tena, kisha hukata tamaa. Asubuhi maziwa yamechacha. Dawa ni kugeuza gari ili ubavu wenye matundu uwe upande uliokingwa, hata kama pua haitazami upepo sawasawa. Kuziba matundu yote kwa karatasi ni hatari, maana moshi na joto hutoka humo humo. Vilevile friji hiyo inataka gari lililosawazika. Ikiinama sana haipoi hata mwali ukiwaka.

Sasa tuone upepo unavyogawa ndege. Étang de Vaccarès ni bwawa la hekta 6,500 na kina chake hakifiki mita 2. Mistral ikivuma mfululizo husukuma maji kuelekea kusini-mashariki, na ufukwe wa kaskazini hubaki na tope wazi. Huko ndiko walikokuwa wamesogea ndege wa kuchokoa tope, wakiwemo wale weusi kwa weupe wenye mdomo uliopinda juu. Barabara ya D37 inapita upande huo. Jua, hata hivyo, liko mbele yako karibu siku nzima, kwa hiyo nenda alfajiri au jioni sana. D36B, iliyo upande wa mashariki, ni ya asubuhi: jua liko mgongoni, maji yako mbele. Saa tisa alasiri barabara hiyohiyo inakupa vivuli vyeusi tu. Popote uwapo, usiteremshe gurudumu kwenye ukingo wa majani. Chini yake ni udongo laini, na nyuma ya matete kuna mfereji wa umwagiliaji mashamba ya mpunga. Tani tatu na nusu hazitolewi pale kwa kusukumana.

La Capelière, kwenye D36B, ndiyo makao ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1927. Njia yake ni fupi, kilomita 1.5, yenye vibanda vya kuchungulia vilivyokingwa na miti, na kwa sababu hiyo ndiyo njia ya siku ya upepo. Ndege wadogo wa matete hawapandi juu mabua yakiyumba, kwa hiyo tulitumia masikio. Alfajiri alisikika jamaa wa kulasitara ambaye Wafaransa humwita butor. Sauti yake ni kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa kubwa, na huenda mbali sana. Kumwona ni jambo jingine.

Tuta la bahari, Digue à la Mer, ndilo tembezi bora la safari. Lilikamilika katikati ya karne ya 19 kuzuia bahari, magari ya kawaida hayaruhusiwi, na ukitembea juu yake mabwawa yako kaskazini, jua mgongoni. Tatizo ni kwamba mistral nayo hutoka kaskazini-magharibi. Ukianzia Saintes-Maries utasukumwa kwenda, kisha urudi umechoka ukipigwa na mchanga usoni. Siku ya upepo anzia mashariki, kwenye mnara wa taa wa Gacholle, utembee kuelekea magharibi ukiwa na nguvu, na upepo ukurudishe. Kipande cha mwisho cha barabara ya kwenda huko ni vumbi na mashimo: gia ya kwanza, makabati yamefungwa, sahani zimetenganishwa kwa taulo. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu, hakuna kivuli wala duka. Buabua walikuwa wakivua kwenye maji yaliyokingwa nyuma ya tuta, karibu kuliko tulivyowaona siku tulivu.

Karibu na Salin-de-Giraud, kwenye kingo za mchanga, keremkerem walikuwa wakichimba. Ni aina ileile tunayoisikia juu ya paa zetu ikipita Oktoba na tena Machi na Aprili. Handaki la kiota huweza kupita mita 1. Kipimo cha umbali tulichokifuata ni ndege mwenyewe: akiwa na nyuki mdomoni anazunguka au anatua kwenye waya bila kuingia shimoni, umekaribia mno. Tulirudi nyuma hatua ishirini, akaingia.

Kutoka Salin, feri ya Barcarin huvusha magari kwa malipo hadi ng'ambo ya Rhône Kubwa. Zima gesi kwenye mtungi kabla ya kupanda. Tulikuwa tunaelekea Crau, nyika ya mawe iliyoachwa na mto Durance wa kale. Kibali cha njia ya Peau de Meau huuzwa kwenye jumba la Crau mjini Saint-Martin-de-Crau, hivyo kinunue siku moja kabla, maana ndege wanataka ufike jua likichomoza. Kufikia saa nne joto linapanda kutoka kwenye mawe na kila kitu mbele ya darubini kinacheza kama moshi.

Hapa ndipo pekee Ufaransa wanapozaliana firigogo wenye mkia wa sindano. Usiwatafute wakiwa chini, rangi yao ni ya mawe. Simama, sikiliza mlio wa kukwaruza ukija kutoka angani, ndipo uinue darubini. Marundo ya mawe yaliyotapakaa yaliwekwa na jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ili ndege za adui zisitue. Leo kozi wadogo wamefanya nyumba humo, chini kabisa, jambo lisilo la kawaida kwao. Kondoo wa Merino ndio wanaoiweka nyika hii ikiwa fupi, na mwezi Juni hupandishwa Alps. Kaa kwenye njia iliyowekewa alama. Mayai ya firigogo hulazwa juu ya ardhi tupu, na unyayo mmoja nje ya njia unatosha kuyavunja.

Tulirudi Marseille mchana, kaseti ikiwa imeshamwagwa Saint-Martin, kwa sababu gari likirudishwa na kaseti iliyojaa hutozwa faini, na karibu na uwanja wa ndege vituo vya huduma ni vichache.