Geji ya Dar na hewa ya Mbeya

Jumapili jioni. Nimekaa kibarazani na koti zito, baridi la Julai la hapa Mbeya mnalijua wenyewe, chai ya tangawizi pembeni na mikono bado inanuka petroli hata baada ya kunawa na sabuni ya unga mara tatu. Nimeona niandike leo leo kabla sijasahau, maana hii kazi imenichukua miezi minne na ndani ya hiyo miezi minne kuna wiki tatu nzima nilizipoteza natafuta ugonjwa ambao haupo.

Gari ni Toyota Cresta ya baba, toleo la GX81. Wanaonifahamu wanaijua, nyeupe, viti vya velvet rangi ya divai, ndo ilitupeleka shule wote wanne na ndo ilimpeleka baba hospitali mara ya mwisho. Baada ya msiba ikakaa chini ya mparachichi karibu miaka mitatu, af mwaka jana nikaifufua, nikaenda nayo Dar, wakati wa kurudi ikachemka pale Kitonga. Nilichelewa kuiangalia geji ya joto, nasema ukweli, macho yangu yote yalikuwa kwenye lori lililokuwa mbele yangu, na nilivyokuja kupaki pembeni mvuke ulikuwa unatoka kila mahali. Silinda hedi ikapinda, maji yakaingia kwenye oili, injini ya baba, 1G-FE, ikafia hapo. Mama akasema uza vyuma. Nikamwambia mama nipe muda.

Sasa hizi GX81 kuna zilizotoka kiwandani na 1G-GZE, injini ile ile ya familia ya 1G, silinda sita, lita 2, ila ina supachaja juu, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia injini hewa ya ziada. Toyota walikuwa wanaiandika nguvu ya farasi 170 wakati 1G-FE ya mwanzo ilikuwa 135. Kwa hiyo kwenye mauntingi hakuna kuchomelea chochote, inakaa pale pale ilipokaa ile ya zamani, na hilo ndo lililonifanya niichague maana sikutaka mtu aje na grenda aanze kukata bodi ya gari ya baba. Nikaipata Dar kwa muuzaji mmoja wa injini used, nikatuma hela, ikapandishwa kwenye lori.

Ilivyofika nilikaa chini. Mashine yenyewe nzima, haina shida, lakini waya walikuwa wameukata kiganja kimoja tu kutoka kwenye plagi ya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Kiganja kimoja! Na hii injini haina distribyuta ya kugawa umeme kwenye plagi, ina koili zake tatu zinazoamrishwa na kontroli boksi moja kwa moja, kwa hiyo huwezi kudanganya na waya za ile ya zamani. Nilimpigia yule muuzaji akasema ndo zinavyokuja. Mpaka leo sijaridhika na lile jibu, maana aliyekata yule alijua kabisa kuna mtu mbele atakuja kuteseka.

Basi tukaanza. Fundi wangu ni mzee mmoja wa mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya, sitamtaja jina maana hapendi, ana miaka zaidi ya sitini na bado anaingia chini ya gari mwenyewe. Nikifika asubuhi namwamkia, shikamoo mzee, ananijibu marahaba af anamalizia na ugonile yake, mpaka nijibu vizuri kwa Kinyakyusa ndo ananipa spana. Waya tuliunga mmoja mmoja, mimi nashika tochi na kusoma mchoro kwenye simu, yeye na kijana wa umeme wanalehemu kwa risasi, siyo kusokota na kufunga selotepu. Kila waya tuliupima na mita kabla ya kuvalisha mpira wa kubana kwa joto. Siku tano kazi ya waya peke yake. Kuna waya mmoja mweusi wenye mstari mwembamba mweupe na mwingine mweusi wenye mstari wa kijivu, na grisi ya miaka thelathini imeshaifanya mistari yote miwili iwe rangi moja, tulikaa juu ya hizo waya mbili kuanzia saa nane mpaka adhana ya magharibi, mzee anaipangusa na kitambaa chenye petroli, anaisogeza juani, anaigeuza, anaipangusa tena, haongei.

Supachaja nayo tuliifungua kuikagua. Mnaofikiria kununua hizi injini sikilizeni, supachaja ya hii inaitwa SC14 na ina oili yake peke yake ndani ya gia zake, haichukui oili ya injini, na watu wengi wanaifunga bila hata kuchungulia. Yangu ilitoka nyeusi, nyepesi, inanuka kama kitu kilichoungua. Tukasafisha tukaweka mpya. Rota zake mbili zina utando mweusi na mzee alinikataza kabisa kuzigusa na msasa, akasema huo utando ndo unaoziba nafasi kati ya rota na rota, ukiukwangua hewa inarudi nyuma. Nilizizungusha kwa mkono, laini kabisa, unasikia hewa inavutwa kama mtu anapumua usingizini. Mbele kuna klachi ya sumaku kama ile ya kompresa ya AC, ukiendesha taratibu supachaja imekaa tu, ukikanyaga kontroli boksi inaishika na kwenye dashibodi inawaka taa ya kijani. Ile taa tuliiwashia waya wake kwa mara ya kwanza saa mbili usiku na nilipiga kelele majirani wakatoka.

Hapo ndo tamaa ya kuongeza ikaanza. Kuna jamaa yangu Dar ana injini hii hii kwenye Mark II, yeye alishabadilisha puli ya supachaja akaweka ndogo ili izunguke haraka zaidi, na busti yake, yaani presha ya hewa inayosukumwa na supachaja, inafika ba 0.6 kwenye geji. Akanitumia vipimo. Nikapeleka kwa tona, fundi wa kuchonga vyuma, pale Mwanjelwa, akanichongea puli kipimo kile kile, kazi safi, nikabadilisha na intakuula, ile rejeta ya kupooza hewa, nikaweka kubwa zaidi na kuisogeza mbele kwenye upepo, maana supachaja ya aina hii ukiiongezea mzunguko inaongeza na joto na hewa ya moto ndo inayofanya injini igonge. Kila kitu sawa na cha jamaa. Nikatoka nayo kwenda kuijaribu barabara ya Chunya, nikakanyaga mpaka chini.

0.5. Ikagoma hapo.

Nikarudia mara tatu, 0.5. Nikampigia jamaa, akasema kaka unavujisha hewa mahali, au mkanda unateleza. Basi nikaamini, na kwa nini nisiamini, yeye anayo na inafanya kazi. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo cha bomba la hewa, hakuna hata tone linalotoa kibubujiko. Nikabadilisha klipu zote hivyo hivyo. Nikanunua mkanda mpya. Ikabaki 0.5. Nikakaza mkanda, nikakaza tena, nikakaza mpaka ukiupiga kidole unalia kama waya wa gitaa, na hapa ndo nilipoharibu, maana baada ya siku nne beringi ya mbele ya supachaja ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kukwaruza unaopanda na mzunguko wa injini. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu. Mzee alikuwa amesafiri Tukuyu kwenye msiba, sikumsubiri. Kupata beringi ya kipimo kile ilinichukua wiki na nusu, nilizunguka maduka yote ya beringi mjini na kipimo nimeandika kwenye kiganja, mwisho ikatoka Dar na basi.

Na kibaya zaidi nilikuwa nimeshaongea na tona anichongee puli ndogo zaidi ya ile. Mzee alivyorudi akakuta mchoro wa puli mezani. Akaniuliza hii ya nini, nikamweleza yote, 0.6 ya jamaa na 0.5 yangu. Akakaa kwenye tairi, akavua kofia, akaniuliza, "Huyo mwenzako yuko wapi?" Nikasema Dar. Akaniuliza, "Mwanangu, mama yako akipika maharage hapa na shangazi yako akipika Dar, nani anatangulia kula?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kila mtu wa huku anajua maharage ya Mbeya yanachelewa, mji uko juu karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Na injini inavuta hewa hiyo hiyo.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari na nikarudia mara mbili. Ile 14 kwenye jina la SC14 ni kwamba ikizunguka mara moja inameza lita 1.4 za hewa. Inameza ujazo, haimezi uzito. Lita ya hewa ya Dar na lita ya hewa ya Mbeya kwa supachaja ni tonge lile lile, ila la Mbeya ndani yake limepungua. Kule pwani hewa yenyewe inakandamiza kwa ba 1 hivi, huku ni kama 0.83. Supachaja imefungwa na mkanda kwenye krenki, haiwezi kujiongezea mwendo kama tabo, ile inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inavyoweza, yenyewe inachofanya ni kuzidisha tu, na kwa puli yetu inazidisha kama mara 1.6. Dar unapata 1.6, ukitoa 1 ya nje geji inakuonyesha 0.6. Hapa 0.83 mara 1.6 ni 1.33, toa 0.83 ya nje, inabaki 0.5. Geji inahesabu kuanzia hewa ya pale ulipo. Gari yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, nimekaza mkanda na kuua beringi kwa ajili ya namba ya mji mwingine.

Nikakumbuka baba. Alikuwa na usemi wake kila tukisafiri, tukishapita Mikumi anapigapiga usukani anasema, "Sasa gari imeamka." Sisi huku nyuma tulikuwa tunacheka tunajua ni barabara tu imenyooka. Hakusoma mambo ya hewa, alikuwa anaisikia kwenye mguu. Ile 1G-FE isiyo na supachaja yoyote ilikuwa inapoteza karibu asilimia 17 ya hewa yake kila siku ya Mungu hapa Mbeya na yeye alikuwa anajua kwa miaka ishirini.

Ile puli ndogo zaidi sikuichonga. Ningeweza, na kwa huku juu labda ingevumilia, lakini gari inashuka pia, ningeshuka nayo Dar na busti ingepanda mpaka mahali ambapo intakuula na petroli yetu vingeshindwa, na ningejua siku pistoni imetoboka. Nimebaki na hii. Mkanda tumeulegeza kwa kipimo cha mzee, unauzungusha kwa vidole viwili mpaka robo basi. Beringi mpya iko kimya. Namba ya injini nimeshaibadilisha kwenye kadi, hilo nisilisahau kuwaambia, fanyeni mapema msisubiri kusimamishwa barabarani.

Jana nikamchukua mama tukaenda Kyela. Alikataa mwanzo, akasema hiyo gari sasa inanguruma kama ya wahuni, lakini alipanda, akakaa siti ya mbele ambayo alikaa miaka yote, akafunga mkanda na pochi mapajani. Tukapita Uyole tukapandisha Isyonje, ukungu mpaka taa, tukashuka Kiwira, Tukuyu, chai kushoto na kulia, ndizi zinauzwa barabarani, na kila tukishuka nasikia masikio yanaziba na gari inakuwa nyepesi kwenye mguu. Kule chini kwenye tambarare karibu na ziwa, joto limetufanya tuvue masweta, nikaona barabara iko wazi mbele na nyuma. Nikamwambia mama nivumilie kidogo. Nikakanyaga, taa ya kijani ikawaka, ule mluzi ukapanda, na mshale ukapita 0.5 bila kusita ukaenda ukasimama pale 0.57, nywele tu kabla ya 0.6. Sijagusa hata nati moja tangu tutoke nyumbani.

Nikaachia. Mama akaniuliza unaangalia nini hapo badala ya barabara. Nikamweleza kwa kifupi, hewa ya huku nzito, ya kwetu nyepesi, gari inapata pumzi zaidi. Akanyamaza kidogo akiangalia nje kwenye mashamba ya mpunga, akasema, "Si ndo baba yako alikuwa anawaambia."

Tukanunua mchele debe mbili na samaki wa Nyasa wakavu, tukarudi mchana. Pale Isyonje nikaijaribu tena kwenye mlima, mchele buti nzima inanukia, mshale ukaishia chini kidogo ya 0.5. Nikaandika namba zote tatu kwenye karatasi na kuibandika kwa gundi ndani ya kisanduku cha dashibodi, juu ya maandishi ya baba ya tarehe za kubadilisha oili.